Mitungi Miwili

Siku ya kuandikwa jina niliamka kabla ya adhana,
nikajaza mitungi miwili kwenye bomba la Maweni,
ile mipya, ya manjano, isiyowahi kubeba mafuta,
nikaifunga kwa mpira wa baiskeli, nikasukuma mkokoteni
hadi Kisumu Ndogo, kwenye kanisa la mabati
lililobanwa kati ya kinyozi na duka la mbao.

Sikuambiwa nilete maji.
Lakini mtu hujua kazi yake.
Dada yangu Jumwa alizamishwa Sabaki mpaka akakohoa;
binamu yangu Ngowa alinyunyiziwa kidogo, kama mchicha.
Nikasema, wabara hawa watapata wapi maji Jumapili,
na bomba hufungwa saa tatu?

Bi. Kageha, karani, alikuwa akifagia mlangoni.
"Thoya, hiyo ya nini?"
"Ya kunibatizia."
Akacheka mpaka akauegemea ufagio,
kisha akaacha ghafla, kama aliyekanyaga kidonda cha mtu.
"Sisi hatutumii maji. Darasani hukusikia?"

Nilisikia. Miezi minane ya Alhamisi,
taa ya betri, Mwalimu Amugune na chaki yake:
Marafiki hawaapi, neno lako ndilo kiapo chako.
Marafiki hawashiki panga.
Hilo la maji nilidhani ni mfano.

Na kimya, je?
Mdomo wangu mimi ni honi. Miaka kumi na mmoja
naita "Majiii! Maji ya bomba!" tangu Ngala mpaka Shela.
Mara ya kwanza waliponyamaza nilidhani mtu amesahau zamu yake.
Nikahesabu misumari ya paa.
Kuku akapita chini ya benchi.
Tumbo la mtu likanguruma kwa Kimaragoli.
Walisema iko nuru ndani ya kila mtu, nami nikaingoja.
Haikuja nuru. Ilikuja chai.

Chai ya Mama Swabra,
kikombe alichonikaribisha Ramadhani iliyopita, baada ya futari.
Nilipoionja ina chumvi,
nikajua chumvi ile imetoka wapi:
robo mtungi kisima cha nyuma ya kwangu,
robo tatu bomba, bei ile ile.
Nikainywa yote. Nikaisifu.

Jumapili tatu, kimya kikianza tu, chai inamiminwa.
Ya nne sikwenda kanisani. Nilikwenda kwake,
nikasimama barazani kama mdai, kumbe mdaiwa ni mimi.
Nikasema. Akaendelea kuchambua mchele.
"Nilijua," akasema. "Chai haina siri.
Nilikuwa nangoja kuona utachoka lini."
Kisha akanitajia hesabu, mwezi kwa mwezi, bila karatasi.

Basi walipouliza mbele ya watu
kama kuna kitu kinachonizuia,
nilinyamaza, na kimya kile kilikuwa changu.
"Nina deni," nikasema. "Nalipa."
Hakuna aliyeuliza deni gani.
Mtu nyuma akasema "Naam," chini chini, basi.

Nikaandikwa. Karani alisahau h, akafuta, akaandika upya.
Hakuna aliyenigusa kichwa.
Kalamu ya bluu, halafu mikono: ya yaya, ya fundi viatu,
ya vijana wa kiwanda cha chumvi Gongoni,
iliyopasuka vidole, ikakamata changu kama koleo.

Mtungi wa kwanza ukachemshwa chai.
Nilionja kwanza mimi.
Wa pili ukaosha vikombe.

Mhazini akanifuata nje na shilingi arobaini.
"Ni sadaka," nikasema.
"Hukusema sadaka. Ulisema ya kubatizia,
na hukubatizwa. Pokea."

Nikapokea. Nikarudi na mkokoteni mtupu, unapiga kelele njia nzima,
nikapitia kwa Mama Swabra, nikamwekea arobaini kwenye ungo.
"Bado mia saba na ishirini," akasema.
Nikasema ndiyo.